Kamera ya tundu la sindano inaniharibia karatasi, naomba ushauri

Wakuu, nimetengeneza kamera isiyo na lenzi, mwanga unaingilia kwenye tundu dogo tu, kwa kopo la maziwa ya unga. Ndani nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tundu nimelitoboa kwa ncha ya sindano kwenye kipande cha kopo la soda, kama milimita 0.4 hivi, na karatasi ya picha (ile inayotoka nyeusi ikipigwa na mwanga) inakaa milimita 100 nyuma yake. Juani naacha wazi sekunde 40.

Picha ya kwanza ilitoka safi, hadi nondo za dirisha zinahesabika (nilijiona fundi!). Tangu hapo kila karatasi inatoka na weusi upande wa mfuniko. Nimezungushia utepe mweusi, wapi! Mwanga unavuja, au mchawi ni taa yangu nyekundu ya chumba cha giza ninamowekea na kusafishia karatasi? Nitajuaje bila kumaliza pakiti nzima?