Binti amemaliza kidato cha nne na ameletewa mkataba: aanzie nyumbani au aende nje?

Mama Winga, Mbale (Vihiga)

Hamjambo, wapenzi wa kandanda. Binti yangu, winga wa kushoto aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, ametimiza umri wa miaka 18 majuzi. Klabu moja ya Ligi Kuu ya Wanawake iliyoko Nairobi, ambayo imekuwa ikimfuatilia tangu mashindano ya shule za sekondari, imemletea mkataba wa miaka 3. Wakati huohuo, bwana mmoja anayejitambulisha kuwa wakala ananisihi binti asitie saini hapa nchini, akidai kwamba atampeleka Uturuki moja kwa moja mradi tumkabidhi pasipoti na ada ya maandalizi. Sisi wa Vihiga tuliwaona Vihiga Queens wakitwaa ubingwa wa CECAFA (wa klabu za Afrika Mashariki na Kati) mwaka 2021 na kwenda Misri kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ilipoandaliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo sina shaka kwamba msichana wa hapa anaweza kufika mbali. Ninachoomba kujua ni hatua ipi itangulie, na nafasi ya chuo kikuu aliyopata kupitia KUCCPS, huduma ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, tuifanyeje.

Kocha wa Kondele, Kisumu

Mama, pasipoti ya binti isitoke mikononi mwenu. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti ya shirikisho hilo, hivyo mwombeni nambari yake kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Makubaliano naye huandikwa, hayazidi miaka 2, na malipo yake hutokana na kile mchezaji atakachopata. Mtu anayetaka fedha za mzazi kabla ya klabu yoyote kuonekana, mimi simwamini hata kidogo. Tena, kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, na pengine ndiyo sababu bwana huyo amejitokeza sasa. Iwapo alikuwa akizungumza na binti mapema zaidi bila idhini yenu ya maandishi, huo nao ni ukiukaji.

Kuhusu kuanzia nyumbani, tazameni waliotangulia. Jentrix Shikangwa alijulikana akiwa Vihiga Queens kabla ya kwenda Uturuki na baadaye Simba Queens ya Tanzania. Esse Akida alichezea Thika Queens kabla ya kusajiliwa nje. Msimu mmoja au miwili ya ligi humpa mchezaji mechi zinazoweza kutazamwa na klabu za nje, na bila mechi hizo atasafiri akiwa hajulikani, na hatakuwa na nguvu yoyote ya kujadili mshahara.

Beki Mstaafu, Nakuru

Nakubaliana na Kocha, lakini mkataba wenyewe ndio unaonitia hofu zaidi. Niliumia ligamenti ya goti nikiwa na umri wa miaka 20, na klabu niliyochezea haikuwa na kifungu chochote cha matibabu, kwa hiyo upasuaji ulilipiwa kwa harambee ya kanisa na ya jamaa zangu. Jeraha hilo huwapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume, na kupona huchukua miezi 9 au zaidi. Kwa hiyo, Mama, uliza nani atalipa hospitali na fiziotherapia, iwapo mshahara utaendelea anapouguza jeraha, na atalala wapi akiwa Nairobi. Majibu yote yaandikwe katika mkataba, kwa kuwa ahadi ya mdomo hupotea pindi uongozi unapobadilika.

Afahamu pia haki zake. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji anayedai mishahara ya miezi 2 anaweza kuiandikia klabu ilani ya siku 15, na isipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba. Tangu mwaka 2021 kuna pia likizo ya uzazi ya angalau wiki 14 yenye malipo. Kwa maoni yangu, atie saini mwaka 1 tu.

Kocha wa Kondele, Kisumu

Dada, hapo kwenye mwaka 1 tunatofautiana. Chipukizi anaweza kukaa benchi nusu ya msimu wa kwanza, na mkataba mfupi utaisha kabla hajaonyesha uwezo wake. Ningependekeza miaka 2, pamoja na kifungu kinachomruhusu kuondoka iwapo klabu ya nje itatoa kiasi cha fedha kilichokubaliwa.

Mwalimu wa Michezo, Kakamega

Nafasi ya chuo isiachwe. Andikeni barua ya kuomba kuahirisha masomo mapema, mkiambatanisha barua ya klabu, na mhakikishe mmepata jibu la maandishi. Njia bora zaidi, kozi ikiruhusu, ni kuomba uhamisho hadi chuo cha Nairobi na kuitaka klabu ieleze saa za mazoezi kabla hajasaini. Wasichana wa Junior Starlets, timu ya Kenya, walioifunga Mexico 2-1 katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024 walikuwa wa umri wa shule, na wengi wao bado wanahitaji cheti kama wanavyohitaji viatu vya mpira.

Mama Winga, Mbale (Vihiga)

Asanteni sana. Nimemwomba yule bwana nambari ya leseni na bado sijajibiwa. Klabu nimeiandikia kuomba miaka 2, kifungu cha matibabu na ratiba ya mazoezi, na binti ataipeleka rasimu kwa wakili hapa Mbale kabla ya kutia saini.