Shamba la baba limefikiwa na mji: tuuze vipande vya hatua 20 kwa 20 au tupime kwanza?

binti_mgogo

Mbukwenyi wakuu. Naandika kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na naomba ushauri wa dhati maana familia yetu imegawanyika.

Baba yangu ana miaka 71. Ana shamba la ekari nne ambalo amelilima tangu ujana wake: uwele, mtama, karanga, miaka ya karibuni alizeti. Anasema alipolianza, kutoka kwenye mbuyu ulio katikati ya shamba uliona nyumba tatu tu za tembe, na usiku fisi walikuwa wanapita hapo hapo. Leo nikisimama chini ya mbuyu huo naona bati pande tatu. Upande wa nne ndio uliobaki shamba la jirani, naye ameshaanza kuuza.

Wanaopita barabara ya Morogoro–Dodoma wanaijua Kibaigwa kwa soko la mahindi. Mimi nina kibanda karibu na soko, nauza magunia matupu na nyuzi za kushonea, kwa hiyo wageni nawaona wanavyoingia. Msimu wa mavuno mahindi yanakuja kutoka Kiteto, Gairo na Mpwapwa, na nyuma ya mahindi wanakuja makuli, mama lishe, wenye mashine za kukoboa, mafundi pikipiki. Zamani msimu ukiisha waliondoka. Sasa hawaondoki. Wanapanga chumba, mwaka wa pili wanaulizia kiwanja. Na tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mkoa mzima umejaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08, ya 2022 ikahesabu milioni 3.09.

Sasa amekuja dalali. Anataka kukata shamba lote vipande vya hatua 20 kwa 20, kila kipande milioni moja na nusu. Kwa hesabu yake vinatoka vipande 48, yaani milioni 72. Kaka zangu wawili wanataka tusaini kesho. Mdogo wetu wa mwisho ana ada ya chuo inayosubiri, sisemi uongo, hela inahitajika. Nilipomuuliza dalali barabara iko wapi, akasema watu wataachiana njia wenyewe. Nilipomwambia baba tuache barabara, akanijibu, "Mwanangu, barabara hailiwi."

Kinachonizuia ni hiki. Jirani wa upande wa kusini aliuza hivyo hivyo miaka sita iliyopita. Machi mwaka huu shangazi yangu aliyekuwa amepanga huko alifariki. Gari la kumchukua lilisimama mbali, pale lami ya mwisho inapoonekana, na mvua ilikuwa imenyesha. Tukabeba jeneza kwa mikono. Kuna kona moja kati ya ukuta wa matofali ya kuchoma na choo cha mtu; jeneza halikupinda pale. Wanaume wakalisimamisha upande, mmoja akaingia na mguu kwenye mtaro wa maji machafu, mimi nimeshika pindo la kanga iliyofunika ili isichafuke. Hakuna aliyesema neno. Baba alikuwepo, nilimwona akiangalia chini.

Swali langu: kuna njia ya kuuza bila kuwafanyia hivyo watakaonunua? Na familia yangu itapoteza kiasi gani?

mpima_wa_kanda

Dada, pole kwa msiba. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi mwaka wa kumi na nne sasa, ngoja nikupe hesabu.

Kwanza achana na hatua. Hatua za nani? Nimeshuhudia mauziano ambako mnunuzi anamleta mtu mrefu apige hatua na muuzaji anamleta mfupi. Huku kwetu tunasema ekari ni hatua 70 kwa 70, kwa vipimo ni takribani mita 64 kwa 64. Kwa hiyo "ishirini kwa ishirini" ya dalali ni kama mita 18 kwa 18, na hapo mpaka unategemea kamba na mti. Ndipo kesi zinapoanzia.

Ekari nne ni mita za mraba 16,187. Ukitoa kama asilimia 30 kwa ajili ya barabara za ndani na kipande cha wazi, zinabaki kama 11,300. Gawanya kwa viwanja vya mita 20 kwa 20, unapata viwanja 28. Ndiyo, ni pungufu ya 48. Lakini mkiuza hivyo 28 kwa milioni 2 na laki 6 kila kimoja mmeshafika milioni 72 na zaidi kidogo, kabla ya kutoa gharama za upimaji. Kiwanja chenye bikoni (vile vijiwe vya zege vya mpaka anavyoweka mpima) na namba mnunuzi anakinunua kwa moyo mwingine, maana anaweza kuombea hati na kwa hati hiyo akakopa. Kipande cha hatua ananunua wasiwasi.

Utaratibu: mnatafuta mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa achore mchoro, halmashauri inaupitia na kuuidhinisha, ndipo mpima anaingia shambani kuweka bikoni, ramani ya upimaji inaidhinishwa, kisha kila kiwanja kinaombewa hati kivyake. Msipime kabla ya mchoro kupita, nimeona watu wanang'oa bikoni.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: mzungumzeni na yule jirani wa upande wa nne sasa hivi. Barabara ya mita 10 inayoishia kwenye ukuta wa jirani haina kazi. Mkichora pamoja, yeye anaendeleza ya kwenu.

Na sahihi ya mama yenu iwepo kwenye kila karatasi. Msiniulize kwa nini, nimekaa mahakamani vya kutosha.

Mzee_Mbezi

Mwanangu, mimi ni yule mnunuzi.

Nilinunua Mbezi, Dar es Salaam, mwaka 2009, hatua 20 kwa 20, karatasi tuliandikishana mbele ya mashahidi. Nilikuwa na furaha, nyumba niliijenga kidogo kidogo kwa miaka saba. Kila aliyenunua baada yangu alisogeza ukuta nusu mita, mita moja, akiamini mwenzake ndiye atakayeacha njia. Mwisho njia ikabaki ya toroli.

Choo kilipojaa, gari la kunyonya maji taka halikuweza kufika. Wakaunganisha mipira mpaka ikaisha, ikabaki kama mita 15. Tulitoa uchafu ule kwa ndoo, usiku, mimi na vijana wawili niliowalipa. Mke wangu aliwahamisha wajukuu wiki nzima. Jambo lile sijawahi kumsimulia mtu, leo naliandika hapa kwa sababu umeuliza kwa moyo mzuri.

Urasimishaji ulipokuja, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, tuliambiwa kila mmoja amege mita mbili na nusu bila fidia ili njia ipatikane. Nilivunja ukuta wangu mwenyewe. Jirani wa mbele akakataa. Hati yangu mpaka leo haijatoka, maana mchoro haufungi bila yeye. Kampuni tuliyoilipa michango ikaacha simu iite tu.

Mwambie baba yako hivi kwa heshima: barabara hailiwi, ni kweli, lakini inachukua mkate kuupeleka nyumbani. Na mimi ningelipa milioni moja zaidi mwaka ule wa 2009 ili niwe nayo. Ningeipata, ningekopa.

JembeNaNyundo

Wakuu mnaongea vizuri lakini tuwe wakweli. Upimaji unataka fedha mkononi kabla hujauza hata kimoja. Mzee wa miaka 71 mwenye uwele atatoa wapi? Na michoro halmashauri inaweza kukaa miezi. Mdogo wao anasubiri ada sasa, chuo hakisubiri bikoni.

Ushauri wangu: uzeni vipande vitatu au vinne vya mbele, vile vinavyogusa barabara iliyopo tayari, ambavyo kwa mchoro wowote vitabaki viwanja. Hela hiyo ilipe ada na mpima. Vingine vyote msiguse. Msimwachie dalali achague vya kuanza, atachukua vya kona.

mpima_wa_kanda

@JembeNaNyundo hapo nakubaliana na wewe, na nimefanya hivyo na familia kadhaa. Sharti moja: mchoraji aje kwanza hata kwa siku moja awaonyeshe mstari wa barabara kuu ya ndani, ndipo mkate hivyo vitatu. Mkikosea hapo mlangoni mmefunga shamba zima.

fundi_bomba

Niongezee upande wa maji, ndiko ninakofanyia kazi, miradi ya vijijini.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na gati moja, yaani kituo cha bomba cha kuchotea maji, lihudumie watu 250. Sasa chukua vipande 48 vya dalali, weka kaya za watu watano watano, ni watu 240. Yaani shamba la baba yako peke yake ni gati zima. Lita 6,000 kila siku, madumu 300. Mradi wenu wa maji ulipochorwa, hapo palikuwa na alizeti. Hakuna aliyehesabu watu hao. Mwaka wa tatu utasikia watu wanalaumu pampu, kumbe pampu ni ile ile, watu ndio wameongezeka.

Bomba linapita chini ya barabara. Pasipo na barabara, tunapitisha kwenye uwanja wa mtu, kesho anajenga juu yake. Juzi nimechimba chini ya jiko la mama mmoja kutafuta bomba lililopasuka. Alikuwa anapika. Tulihamisha mafiga, tukachimba, tukayarudisha, na sakafu yake ya udongo tuliharibu kabisa.

Halafu msimruhusu mtu yeyote achimbe kisima chake kwenye kiwanja kidogo. Kati ya kisima na choo panatakiwa angalau mita 30. Kiwanja chako kina mita 20, basi choo cha jirani kiko ndani ya kisima chako. Kwenye mchoro tengeni sehemu ya gati, mita tano kwa tano zinatosha, ibaki ya wote kwa maandishi.

Umeme nao: Januari 2022 ada ya kuunganishwa ilirudi shilingi 320,960 kwa mjini, vijijini ikabaki 27,000. Ulizeni mapema eneo lenu linahesabiwa wapi, maana mnunuzi atauliza. Na nguzo nayo inataka njia ya kusimama.

binti_mgogo

Wakuu, nimerudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

@Mzee_Mbezi shikamoo. Nilimsomea baba maneno yako yote, mpaka ya ndoo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia babu, ambaye alifanya kazi ya kung'oa visiki kwenye mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa, ule wa 1947 hadi 1951. Alisema wazungu wale walileta reli, barabara, hospitali na matrekta, wakasubiri mvua na karanga, vikakataa, wakaondoka na reli ikang'olewa. "Wao walileta njia, watu hawakuja," akasema. "Sisi watu wamekuja." Hakumalizia, akaomba tutoke twende shambani.

Nilichukua kibandani mabunda mawili ya nyuzi za kushonea magunia, zile za rangi ya samawati. Mchoraji alikuwa amekuja siku moja kabla na kutuonyesha mstari. Tukaufunga uzi kwenye vigingi kutoka barabara ya kitongoji kwenda ndani, upande huu na upande ule, mita 10 katikati. Ukiusikia kwa maneno unaona ni ardhi nyingi inapotea. Ukisimama katikati ya nyuzi mbili, ni upana wa lori na mtu anayepishana nalo, basi.

Mstari ulikuwa unapita kwenye mbuyu. Baba akasema mbuyu haukatwi, alizaliwa ameukuta. Mchoraji kwa simu akasema inawezekana barabara ikapinda kidogo na pale chini ya mbuyu ndiyo pakawa sehemu ya wazi na gati, kama @fundi_bomba alivyoshauri. Baba mwenyewe ndiye aliyehamisha vigingi vile.

Jirani wa upande wa nne alikuja kutazama tunafanya nini. Tulimpa ncha ya uzi. Alikuwa ameshauza vipande viwili, lakini cha tatu kilikuwa ndipo barabara ingepita, na mnunuzi alikuwa ametoa laki mbili tu. Wamekubaliana ahamie kipande cha pembeni.

Viwanja vitatu vya mbele vitauzwa kama alivyosema @JembeNaNyundo, ada ya mdogo wetu inatoka hapo, mama atasaini. Dalali amekasirika, amesema tutamtafuta wenyewe. Kaka yangu wa pili bado hajakubali, anasema tumegawa ekari nzima bure. Nimemwomba Jumapili tutembee wote wawili njia ile aliyopita shangazi, kutoka mlangoni kwake mpaka gari lilipokuwa limesimama. Amesema atakuja.