Mjadala: Aiskrimu ya fransaizi ikiuzwa nje ya duka, haki ni ya nani?

Mtoa mada
Marekani, anayenunua fransaizi ya aiskrimu, yaani haki ya kuendesha duka kwa jina la chapa ya mwingine, hulipa ada ya kuanzia, kisha mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, kila wiki au mwezi kwa miaka mingi. Baadaye mwenye chapa anapeleka makopo yaleyale supamaketi ya mtaa huohuo, huku mwenye duka akikatazwa hata kusukuma mkokoteni hadi uwanja wa mpira. Huo ni uonevu. Ndani ya eneo lake, mauzo yote ya nje yawe yake: harusi, mikokoteni, hoteli, oda za nyumbani. Mwenye chapa akitaka supamaketi, amkatie fungu.

Mchangiaji 2
Mkuu, uchungu naukubali, ila mahakama husoma mkataba. Wenye maduka ya Häagen-Dazs waliishtaki Pillsbury, kampuni iliyomiliki chapa hiyo wakati huo, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho ya Minnesota ikaona mkataba umempa mwenye chapa haki ya kusambaza kwa njia nyingine yoyote. Na tukumbuke, makopo ya Häagen-Dazs yalikuwa madukani tangu miaka ya 1960. Duka la kwanza lenye jina la chapa hiyo lilifunguliwa 1976. Carvel, chapa nyingine ya maduka ya aiskrimu, je? Walipoingia supamaketi, wenye maduka walilalamikia bei na kuponi. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya New York ikasema ushindani wa namna hiyo peke yake si kosa la kuwaingilia wateja wao.

Kwa hiyo pa kupigania ni kabla ya kusaini. Kanuni ya FTC, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, inataka upewe waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla. Fungua Kipengele cha 12 cha waraka huo, kinachohusu eneo. Ukikuta umeandikiwa kwamba hupewi eneo la kipekee, na kwamba unaweza kushindana na njia nyingine za mauzo za mwenye chapa, basi supamaketi imeshaingia mtaani kwako.

Mchangiaji 3
Mnazungumzia sheria, mnasahau friza. Mwenye chapa ana sababu ya kuogopa mauzo ya nje. Aiskrimu ngumu huhifadhiwa nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi, na huchoteka vizuri karibu na 12 hadi 14 chini ya sifuri. Ikilainika njiani, chembe ndogo za barafu huyeyuka kwanza. Ikigandishwa tena, maji yale hujishikiza kwenye chembe kubwa. Mteja anafungua kopo, anakuta limeshuka kidole kizima kwa sababu hewa imetoka, na ulimi unahisi mchanga. Hatalaumu pikipiki, atalaumu jina lililo kwenye kopo.

Lakini dawa ya hilo si kukataza. Andikeni masharti: kipimajoto ndani ya sanduku, barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) juu ya makopo kwa kuwa baridi hushuka, na sanduku lisizibwe kabisa maana gesi yake hujaa na kulipasua. Aiskrimu laini ya mashine isisafirishwe, basi. Pia kibali cha duka hakitoshi. Mkokoteni huombewa chake kwenye idara ya afya ya jiji au kaunti.

Mchangiaji 4
Nawaongezea hesabu, maana hata haki ikipatikana inaweza kuwa hasara. Chukua oda ya dola 40 kupitia programu ya kuagizia chakula, kamisheni asilimia 25: zimeondoka 10. Mrabaha wa asilimia 6 na mfuko wa matangazo asilimia 3, vikikatwa kwenye mauzo ghafi, ni dola 3.60. Zinabaki 26.40, na hapo maziwa, kopo na mshahara bado. Vikikatwa baada ya kamisheni ni 2.70. Tofauti ni senti 90 kwa kila oda kama hiyo! Ombeni mkataba utaje neno “baada ya kamisheni”, vinginevyo mwenye duka analipia mrabaha pesa ambayo haikuwahi kuingia mkononi mwake.

Mtoa mada
Nimewasikia. Supamaketi naiachia, maana kuizuia kwa chapa kubwa ni ndoto. Ila kwa harusi, shule na mikokoteni sirudi nyuma. Kifungu kiseme hivi: mwenye duka ana haki ya kwanza ndani ya eneo lake, akipelekewa oda, ajibu ndani ya siku 3, akishindwa, mwenye chapa au duka jirani aihudumie. Na oda za intaneti zenye anwani ya eneo hilo ziende kwake, au alipwe asilimia iliyotajwa kwa tarakimu. “Fidia inayofaa” nisiione humo.