Kupanga nyumba yenye bustani kando ya Ziwa Kivu, Bukavu

Swali: Ndugu zangu, tunahama kutoka Goma, ambako mawe ya volkano kiwanjani yalitunyima hata lengalenga (mchicha), na tunatamani nyumba yenye bustani upande wa Muhumba, mtaa wa Bukavu. Mwenye nyumba anadai garanti (pesa ya dhamana) ya kodi ya miezi sita. Je, ni halali?

Jibu: Hapana, mama. Sheria ya Kongo (DRC) ya tarehe 31 Desemba 2015 hairuhusu garanti inayozidi kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi.

Jibu: Nendeni kuitazama mara tu baada ya mvua kubwa, kwa sababu udongo wa miteremko ya Bukavu huporomoka; mkikuta ufa mpya ukutani au maji yakichuruzika chini ya msingi, iacheni, hata kama bustani inashuka hadi ziwani.

Jibu: Komisionere (dalali wa nyumba) naye alipwe baada ya mkataba kutiwa sahihi.