Ndoo ya mchanga, pushapu za ngumi au gunia bila glavu: kipi kinakomaza mkono wa bondia?

Mwanjelwa_Ngumi
Habari wakuu. Nina miezi minne kwenye ngumi hapa Mbeya. Gunia letu ni la mchanga na vitambaa, na sehemu ya chini imeshindiliwa hadi imekuwa jiwe. Dakika ya mwisho ya raundi mkono unalegea ndani ya glavu, kifundo cha mkono kinapinda. Asubuhi hata mfuniko wa chupa ya maji unanishinda. Jimuni mmoja ananiambia nipige gunia bila glavu mkono ukomae, mwingine anasema pushapu za ngumi, wa tatu anasema ndoo ya mchanga. Nimshike nani?

Msitu_wa_Mafinga
Huyo wa bila glavu achana naye, mkuu. Nimepita huko, mimi nilikuwa napiga magogo. Mkono, kuanzia kifundoni hadi vidoleni, una mifupa 27, na unaovunjika sana kwa wapiga ngumi ni ule wa kiganjani unaobeba kidole cha mwisho. Upande wa kidole cha shahada na cha kati mifupa imekaa imara, upande wa pili inacheza. Ngozi itakomaa, sawa, lakini gegedu la kiungo likishalika halirudi.

DadaUyole
Pushapu za ngumi na ndoo hazifanyi kazi moja, kwa hiyo usizishindanishe. Pushapu zinaufundisha mkono kukaa mstari mmoja na kigasha, yaani sehemu ya kutoka kiwiko hadi kifundo. Anzia ukutani, kisha magoti chini juu ya mkeka, uzito ukae kwenye vifundo vya shahada na kidole cha kati. Kifundo cha mkono kikitetemeka, acha.

Ndoo ndiyo naipenda zaidi. Misuli ya kufunga vidole inapata kazi kutwa nzima, ya kuvifungua hakuna anayeikumbuka. Chukua mchanga wa mto, uanike ukauke, uchekeche, jaza ndoo ya lita 10. Zamisha mkono hadi kifundoni, fungua vidole kwa nguvu humo ndani, zungusha, funga, rudia. Mimi nafanya dakika tatu, napumzika moja, kama raundi. Wengine hutumia mchele, lakini jamani, mchele wa Kyela ni wa kula.

Tukuyu_Juu
Mkamua ng'ombe akikupa mkono utajua nguvu ya kushika ni nini. Kama huna ng'ombe, tundika taulo juu ya bomba, ning'inia sekunde 20. Au beba ndoo mbili za maji za lita 20 upande kilima. Hizo ni kilo 40, usikimbilie siku ya kwanza.

Kocha_Kihesa
Kamwene. Kijana, naona shida yako siyo nguvu ya kushika pekee. Unabana ngumi raundi nzima, sivyo? Ngumi hubanwa inapofika tu, njiani mkono uwe laini. Ukibana muda wote kigasha kinachoka mapema, na kikichoka kifundo kinapinda.

Bandeji yako ya kufunga mkono kabla ya glavu ina urefu gani? Na baridi hii ya Juni huko kwenu, unapasha vidole kabla? Kano hukomaa polepole kuliko misuli, kwa hiyo ndoo na pushapu ni mara mbili au tatu kwa wiki, si kila siku. Halafu nyoosha kidole gumba, bonyeza kile kishimo kinachojitokeza kifundoni. Kikiuma, nenda hospitali usingoje. Mfupa wa pale ukipata ufa, picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuonyeshe, waeleze wakuangalie tena.

Mwanjelwa_Ngumi
Nimebonyeza, hakiumi, kocha. Bandeji ni mita mbili na nusu.

Kocha_Kihesa
Tafuta ya mita nne na nusu. Hiyo yako ikishazunguka vifundo vya vidole, kifundo cha mkono kinabaki na mzunguko mmoja tu.

Mwanjelwa_Ngumi
Sawa. Jumamosi tunalishusha gunia, tunamwaga mchanga wote. Vitambaa vya mafundi cherehani vitafaa?

DadaUyole
Vinafaa sana. Toa vifungo na zipu zote kwanza. Na huo mchanga usiutupe.