Kontena la stoo ndani ya kiwanja changu limepigwa X, na hakuna ofisi inayonionyesha kanuni niliyovunja

Wakuu, naomba mnisome hadi mwisho, maana nina hasira na sijui niipeleke wapi. Nimetoka saiti sasa hivi. Kontena langu la futi 20, lililo ndani ya kiwanja changu, nyuma ya uzio wangu wa michongoma, leo ni siku ya 12 limefungwa na watu wa manispaa. Wameandika X nyekundu mlangoni na neno SIMAMISHA. Rangi waliipaka haraka haraka, imechuruzika hadi chini na kufunika namba za kontena. Kisha wakatia kufuli lao juu ya kufuli langu.

Nisimamishe nini? Hakuna msingi uliochimbwa, hakuna tofali lililopandishwa. Ni sanduku la chuma limekaa juu ya mataruma manne.

Najenga kidogo kidogo kama wengi wetu hapa Dar, nikipata hela nanunua vifaa. Mwaka jana niliweka nondo na mabati kwenye kibanda cha mabanzi, usiku mmoja vikabebwa vyote. Fundi akanishauri: bosi, tafuta kontena chakavu liwe stoo, nyumba ikiisha utaliuza. Nikatafuta, na sikununua kiholela. Nilimdai muuzaji karatasi za forodha, kwa sababu kontena linalokuja na mzigo linaingia nchini kwa muda tu, likiuzwa huku ndani linatakiwa lilipiwe ushuru. Alinipa, ninazo. Wanaotaka kununua, msikubali kuchukua kontena bila hizo karatasi.

Kabla sijaita gari la kulishusha nilienda kwa mjumbe. Mjumbe akanipeleka serikali ya mtaa. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, akasema niandike barua, nikaandika, ikagongwa muhuri. Ili nisije kusumbuliwa baadaye nikaenda na manispaa, idara ya mipango miji. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, nikaonana na afisa saa saba mchana. Akaniambia kontena siyo jengo, wao wanatoa vibali vya ujenzi, maadamu niko ndani ya mipaka yangu niweke tu. Nikamwomba aniandikie hayo maneno. Akasema hakuna fomu ya kitu kama hicho. Nikamwachia nakala ya barua yangu, akaipokea na kuiweka kwenye faili.

Wiki tatu baadaye wanakuja watu wengine kutoka jengo lile lile, wanamwambia fundi kwamba kontena ni jengo la muda na limewekwa bila kibali. Wakamwachia notisi. Niliposoma ile notisi nguvu ziliniisha: namba ya kiwanja changu, jina langu kamili, na maelezo kwamba "kwa mujibu wa barua yako" nimekiri kuweka kontena. Barua yangu mwenyewe! Ile niliyoandika kuomba ruhusa ndiyo wamekuja nayo kunifungia. Mtaa huu huu kuna makontena mengine matatu, moja ni la futi 40 na limekaa kwenye eneo la wazi la watoto kuchezea mpira. Hakuna hata moja lenye X. Hao wenzangu hawakumuuliza mtu yeyote, wakashusha usiku, wakaendelea na maisha yao.

Nikaenda manispaa mara ya pili. Nikaambiwa faini ni laki tatu. Nikasema sawa, nipeni control namba nikalipe benki, na mniandikie ni kifungu gani. Yule bwana akanyamaza kidogo, akaniambia "tunaweza kuyamaliza hapa hapa, laki moja na nusu." Sikutoa. Sitatoa. Kama ni faini ya serikali ina control namba na risiti. Kama haina, hiyo siyo faini.

Najua watakuja wa kusema makontena yanaharibu mji. Yaliyo kwenye hifadhi ya barabara yaondolewe, sina ugomvi kabisa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na sisi wa Dar tuliona Kimara mwaka 2017 nyumba za watu zikishushwa. Hakuna mwenye akili anayecheza na hifadhi ya barabara. Kontena langu halipo barabarani. Ningekuwa nimekata madirisha nikafungua duka la vinywaji pia ningeelewa, hapo kuna leseni ya biashara na matumizi ya kiwanja yanabadilika. Mimi naweka saruji na vigae, nimeacha mita tatu toka kwa jirani, na jirani mwenyewe ndiye aliyetuazima mataruma.

Sheria ya Mipangomiji ya 2007 nayo inataka uwe na ridhaa kabla ya kuendeleza ardhi. Vizuri. Basi kama sanduku lisilo na msingi ni uendelezaji, ningeambiwa siku ile ya kwanza nikiwa pale mezani, ningejaza fomu na kulipa ada. Nilienda na hela mfukoni kwa ajili hiyo! Haiwezekani mwezi huu kontena siyo jengo na mwezi ujao ni jengo, kutegemea umekutana na nani.

Leo ndio wameniruhusu kufungua kwa dakika kumi, mgambo akiwa amesimama pembeni. Joto lililotoka mle ndani lilitusukuma nyuma. Nilikuwa nimepanga kutoboa matundu ya hewa juu, sikuwahi. Kontena likifungwa siku zote hizo, jua la mchana na ubaridi wa usiku, maji yanajikusanya kwenye dari na kudondoka. Nilikuwa na mifuko 42 ya saruji. Ya chini imeshikana na mbao za sakafu, ya juu imelowa karatasi. Fundi alipiga mmoja kwa nyundo, ukalia kama jiwe. Tumehesabu 19 iliyoganda kabisa kabla mgambo hajasema muda umeisha.

Sasa naomba kwa wanaojua kweli, siyo wa kubahatisha. Kuna mtu yeyote hapa amewahi kupewa kibali cha maandishi cha kuweka kontena la stoo kwenye kiwanja cha makazi? Kiliitwaje hicho kibali, kilisainiwa na idara ipi, ulipewa muda gani, ulilipa kiasi gani kwa control namba? Weka picha, ziba jina lako. Ninataka niingie na karatasi mkononi, siyo maneno ya kuambiwa.

Fundi wangu ameshachukua kazi nyingine Mlandizi, hawezi kunisubiri. Jumatatu saa mbili asubuhi niko ofisini kwa mkurugenzi na barua ya pili, nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri wa mtaa, na mfuko mmoja wa ile saruji. Nitaubeba mwenyewe begani, kilo zote 50, niuweke mlangoni kwake.