Hector alichezewa rafu, na msiniambie "ndiyo majaaliwa"

Wakuu, nimetoka kurudia kitabu cha 22 cha Iliad, ule utenzi wa Homer wa vita vya Wagiriki na Troy, na usingizi umekata, kwa hiyo mtanivumilia.

Hivi ile ni vita au ni mechi ambayo refa kavaa jezi ya timu moja? Hector, shujaa wa Troy, kakimbizwa na Achilles wa Wagiriki kuuzunguka mji wa Troy mara tatu. Mara ya nne, wanapofika kwenye zile chemchemi ambako wake wa Troy walikuwa wakifua nguo enzi za amani, Zeus, mkuu wa miungu, anatoa mizani ya dhahabu kupima siku ya nani imefika. Upande wa Hector unashuka. Mungu Apollo, aliyekuwa akimtia nguvu za miguu, anamwacha hapohapo. Sawa. Hapo sina ugomvi. Siku ya mtu ikifika imefika, na Wagiriki wenyewe waliita moira, yaani fungu: kila mtu na lake alilokatiwa.

Sasa kama mizani imeshaamua, Athena, mungu wa kike aliye upande wa Wagiriki, anashuka kufanya nini? Anajigeuza Deiphobus, ndugu yake Hector, anamwambia tusimame tumkabili wote wawili. Jamaa wa watu anafurahi, anamsifu kwa kuthubutu kutoka nje ya ukuta. Achilles anarusha mkuki, Hector anachutama, unapita juu na kuchoma ardhi. Athena anauchomoa na kumrudishia mtu wake kimyakimya! Hector naye anarusha, unagonga ngao katikati na kudunda. Anamwita Deiphobus ampe mwingine. Hakuna mtu. Hapo niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Na nyumbani mkewe Andromache kaagiza maji yabandikwe motoni, mume akirudi aoge.

Najua wajuzi mnakuja na "hata miungu iko chini ya majaaliwa". Someni kitabu cha 16. Zeus anatamani kumwokoa mwanawe Sarpedon, ambaye siku yake imefika. Mkewe Hera hamwambii huwezi. Anamwambia fanya, ila sisi wengine hatutakuunga mkono, na wenye watoto wao pale vitani nao watataka kuwatoa. Zeus anaishia kunyesha matone ya damu. Hayo majaaliwa gani? Hicho ni kikao cha ukoo!

Ya Pandarus, mpiga mishale wa upande wa Troy, ndiyo usiseme. Kitabu cha 4 Athena huyuhuyu anamdanganya avunje mapatano ya kusitisha vita kwa kumpiga Menelaus wa Wagiriki mshale. Cha 5 anauongoza mkuki wa Diomedes, Mgiriki mwingine, hadi usoni pa Pandarus. Umtume mtu, kisha umuue wewe mwenyewe.

Hata riadha kwenye mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, hakuiacha. Ajax mwana wa Oileus anaongoza, Athena anamtelezesha, anaangukia uso kwenye mavi ya ng'ombe, Odysseus anashinda. Ajax anatema mavi huku akisema waziwazi ni yule mungu wa kike anayemlea Odysseus kama mama. Wenzake wanamcheka.

Haya, mawakili wa Athena, njooni. Niko macho.